Mlango wa Ghala na Mlango wa Ukumbi

Kila mwaka mwezi wa Juni unapoingia, baridi huzishukia nchi za juu za Manyara. Bonga, iliyo kilometa 19 hivi kusini ya mji wa Babati katika barabara kuu iendayo Kondoa na Dodoma, huijua baridi hiyo vema. Mwenye nyumba hufunga mlango, akaota moto, akajifunika blanketi, akamshukuru Mungu. Lakini barabara kuu haina mlango. Huleta watu usiku na mchana, na si wote wenye pa kufikia: kijana aliyetoka kijijini kutafuta kazi asiipate, mtoto aliyekimbia mapigo ya nyumbani, mama mjane aliyenyang'anywa shamba na ndugu wa marehemu mumewe, mzee aliyepungukiwa akili, ambaye jamaa zake wamechoka kumtafuta. Watu wa namna hii hawakosekani katika miji yetu iliyo njiani. Hulala barazani mwa maduka na kwenye stendi za mabasi, juu ya maboksi na chini ya magunia, wakingoja kuche.

Wasomaji wetu wapenzi, twataka kuuliza neno moja tu: watu hawa walale wapi usiku wa leo? Hatuulizi juu ya mwaka ujao, wakati mipango itakapokuwa imekamilika na fedha zimepatikana. Twauliza juu ya usiku wa leo, kwa sababu baridi haingoji mipango. Tena twauliza kwa sababu twajua kwamba paa hazikosekani. Katika kila mji yako majengo makubwa, yenye kuta imara na sakafu ya saruji, ambayo jioni hufungwa kwa kufuli na kulindwa mpaka asubuhi, na ndani yake hamna mtu. Mlinzi huketi nje akilinda nafasi tupu, na hatua chache kutoka kwake mwenzake ajikunyata kwa baridi.

Neno hili si geni duniani. Huko Marekani, ambako wakati wa baridi theluji huua, yako majengo ambayo kwa lugha yao huitwa maghala ya silaha. Msomaji asidhani kwamba ni stoo za mabomu. Ni majengo ya askari wa akiba, ambao huitwa kazini siku za hatari na siku nyingine hushika kazi zao za kiraia. Silaha zao hufungiwa katika vyumba vya pembeni, na katikati uko ukumbi mpana sana wa kufanyia gwaride. Siku nyingi ukumbi huo hauna mtu. Basi, kuanzia miaka ya 1980, watu wasio na makao walipozidi kujaa mitaani, maghala hayo yalianza kufunguliwa usiku. Katika jimbo la California yalifunguliwa miezi ya baridi, na katika jiji la New York yakawa mahali pa kulala mamia ya watu.

Yafaa tujue jinsi jambo la New York lilivyoanza, maana halikuanza kwa huruma ya wakubwa. Mwaka 1979 wakili mmoja kijana, Robert Hayes, aliwashitaki wakuu wa jiji na wa jimbo kwa niaba ya watu waliokuwa wakilala nje, mmoja wao akiwa Robert Callahan. Wakili huyo alishika kifungu cha katiba ya jimbo, kilichowekwa mwaka 1938, kisemacho kwamba kuwatunza wenye shida ni wajibu wa serikali. Mwaka 1981 pande zote mbili zilipatana mahakamani, na jiji likakubali kumpa mahali pa kulala kila mwanamume asiye na makao ajaye kuomba. Hati hiyo yaitwa kwa jina la Callahan mpaka leo. Lakini Callahan mwenyewe hakuiona. Alikwisha kufa kabla haijatiwa sahihi. Haki ilikuja, ila kwake yeye ilichelewa. Ndiyo sababu twasema usiku wa leo.

Hata hivyo, sisi Wakristu hatukuhitaji kungoja mahakama ya New York ili tujifunze kwamba mali ya jeshi yaweza kumfunika maskini. Tulikwisha fundishwa na askari mmoja zaidi ya miaka 1600 iliyopita. Mtakatifu Martino wa Tours alikuwa askari wa farasi katika jeshi la Roma, kijana, tena bado mkatekumeni. Siku moja ya baridi kali, langoni mwa mji wa Amiens katika nchi ambayo leo ni Ufaransa, alimkuta maskini aliye karibu uchi. Wapita njia walikuwa wakimtazama na kwenda zao. Martino hakuwa na fedha. Alikuwa na joho lake la kijeshi na upanga wake. Akauchomoa upanga, akalikata joho vipande viwili, akampa maskini kipande kimoja. Mapokeo yasema kwamba usiku ule alimwona Kristu katika ndoto amevaa kile kipande cha joho, akiwaambia malaika kwamba Martino, angali mkatekumeni, ndiye aliyemvika.

Tazameni mambo mawili. Kwanza, upanga ule uliotengenezwa kwa ajili ya kuua ulifanya kazi yake bora siku ulipokata kitambaa. Pili, Martino hakungoja abatizwe, wala apewe cheo cha uaskofu, ambacho alikipata baadaye, ndipo aanze kutenda. Kipande cha joho alichobaki nacho kiliheshimiwa sana baada ya kifo chake, na kutokana na jina la joho hilo katika Kilatini likapatikana jina la kapela, yaani nyumba ndogo ya sala. Kumbe kila tuitajapo kapela ya kigango chetu, twataja nguo iliyogawanywa na mtu asiye na makao. Je, kapela inayofunga mlango wake kwa maskini yakumbuka jina lake ilikolitoa?

Hapa hatuna budi kusema wazi, tusije tukaeleweka vibaya. Hatuombi kwamba maghala ya risasi na mabomu ya nchi yetu yafunguliwe, watu walale ndani. La hasha! Tanzania yaijua hatari hiyo kwa machozi. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi lililipuka Mbagala, Dar es Salaam, watu wakafa na nyumba zikabomoka. Tarehe 16 Februari 2011 yakalipuka maghala ya Gongo la Mboto. Watu zaidi ya 20 walifariki, na maelfu wakakimbia usiku wasijue waendako, wazazi wakapotezana na watoto wao. Maelfu hao walipata wapi pa kujihifadhi? Walipewa Uwanja wa Uhuru, mahali pa michezo na sherehe za taifa. Wala hakuna aliyesema kwamba uwanja umeharibika kwa kuwapokea, au kwamba mpira una haki kuliko mtoto aliyepotezana na mama yake. Ghala liliwafukuza watu majumbani, na uwanja ukawapokea.

Na sisi wa upande huu wa Manyara twalo jambo letu lililo karibu zaidi. Tarehe 3 Desemba 2023, Dominika ya kwanza ya Majilio, maji na tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikauangukia mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Waliookoka walibaki na nguo za mwilini tu. Askari walifika wakafukua tope, wakatafuta miili, wakabeba majeruhi. Shule zikafunguliwa zikawa kambi. Blanketi, unga, maharage na nguo vikaletwa kutoka sehemu mbalimbali za nchi, vya Wakristu na vya Waislamu, wala aliyepokea hakuulizwa dini yake. Baadaye zikajengwa nyumba mpya zaidi ya 100 katika eneo la Wareti kwa ajili ya waliopoteza zao, na SUMA JKT, shirika la Jeshi la Kujenga Taifa, lilikuwa miongoni mwa wajenzi. Hivyo tuliona kwa macho yetu mikono iliyofunzwa gwaride ikishika mwiko na tofali.

Tena tukirudi nyuma, twakuta kwamba nchi hii iliwapokea hata wageni wa mbali. Tangu mwaka 1942, wakati wa vita kuu ya pili ya dunia, wakimbizi wa Kipolandi, wengi wao wanawake na watoto waliofukuzwa makwao na kuteswa Siberia, waliletwa Tanganyika. Kambi yao iliyo kubwa ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, yenye watu wapatao 5000. Na nyingine ilikuwa Kondoa, katika barabara hii hii ipitayo Bonga. Wengi wao walikuwa Wakatoliki kama sisi. Walipewa nafasi, wakapanda mboga, wakasali, wakazika wafu wao katika ardhi ya Afrika. Basi ukarimu si somo jipya kwetu. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Ikiwa ni hivyo, kwa nini twaweza kufungua milango siku mlima unapoporomoka, na hatuwezi siku maisha ya mtu mmoja yanapoporomoka peke yake? Jibu ni kwamba msiba wa wengi hupiga kelele, na msiba wa mmoja hunyamaza. Katesh ilitangazwa redioni. Mjane aliyenyang'anywa shamba hatangazwi popote. Lakini katika mlango wa 25 wa Injili ya Mtakatifu Mateo, Bwana hasemi kwamba atawauliza watu juu ya maafa makubwa yaliyotangazwa. Asema juu ya mgeni mmoja, mwenye njaa mmoja, mtu mmoja asiye na nguo, aliye mdogo kuliko wote, na ajihesabu kuwa ndiye Yeye.

Mafundisho ya Kanisa katika jambo hili hayana kiwingu. Mtakatifu Basili, Askofu wa Kaisaria katika karne ya 4, alifundisha kwamba nguo iliyofungiwa sandukuni bila kuvaliwa ni mali ya aliye uchi; tena hakuishia kuhubiri, bali alijenga nje ya mji wake makao ya maskini, wagonjwa na wasafiri. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulitukumbusha kwamba Mungu ameiweka dunia na vyote vilivyomo kwa ajili ya watu wote. Baba Mtakatifu Paulo wa Sita, mwaka 1967, akaeleza kwamba haki ya kumiliki haina nguvu ya kumnyima mwenzio kile cha lazima kwa uhai wake. Mwaka 1987 Tume ya Papa ya Haki na Amani ikatoa waraka mzima juu ya ndugu wasio na makao. Yote hayo yasema neno moja: chumba kisichotumika, karibu na mtu asiye na chumba, si mali tu. Ni deni.

Hapana shaka wako watakaosema: watu hawa ni wezi, watatuibia. Twajibu kwamba aliye mwizi huiba zaidi anapokuwa hana pa kulala, na asiye mwizi huaibishwa bure kwa ajili ya mwenzake. Wengine watasema: ni walevi. Ndiyo, wamo walevi, na wamo walevi pia katika nyumba zenye milango; tofauti ni kwamba hao wa pili ulevi wao hauonwi na wapita njia. Wengine watasema: tukiwapa mahali, watazoea. Neno hili lina ukweli, wala hatulidharau. Wahenga wetu walijua, wakasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini angalieni vema: siku mbili zile za kwanza hawakumnyima mkeka. Na siku ya tatu hawakumfukuza. Walimpa jembe, yaani walimpa kazi na mahali kati ya watu. Yeye anayetaja jembe ili asitoe mkeka ameikata methali katikati.

Twaomba nini basi? Kwanza, twaiomba Serikali, kwa heshima, iyatazame majengo yake makubwa wakati wa kipupwe. Kumbi za kambi na za halmashauri, zilizo mbali na silaha na baruti, zaweza kuandaliwa mapema, badala ya kutafutwa kwa haraka siku ya maafa. Tena kila mwaka mwezi wa Juni shule zetu hufunga kwa likizo, ndipo baridi inapoanza. Madarasa na mabweni hubaki matupu wakati uleule ambao watoto wengine hawana kitanda. Wenye mamlaka ndio wanaojua lipi lawezekana na lipi haliwezekani. Sisi twaomba tu kwamba swali liulizwe kabla kufuli halijafungwa.

Pili, na hapa twasema na familia zetu za Kikatoliki, tusiwaelekeze wengine kidole wakati ufunguo uko mfukoni mwetu. Parokia nyingi zina ukumbi. Waamini waliujenga kwa michango yao, mfuko kwa mfuko wa saruji, bati kwa bati. Hutumika kwa harusi Jumamosi, na kwa mikutano Jumapili. Kuanzia Jumatatu usiku hulala wenyewe. Kule Roma, Novemba 2019, Baba Mtakatifu Fransisko alifungua jumba moja la kale lililo jirani kabisa na Kanisa kuu la Mtakatifu Petro, Palazzo Migliori kwa jina, liwe makao ya watu wasio na pa kulala. Mahali pale pangeweza kukodishwa kwa fedha nyingi. Aliyaweka maskini penye thamani, si pembezoni. Ikiwa kivuli cha Mtakatifu Petro chawatosha, je, ukumbi wa parokia yetu wawa mzuri mno kwao?

Lakini wema usio na utaratibu huweza kuleta hasara, nasi hatupendi mtu afungue mlango leo kwa furaha, kesho aufunge kwa majuto. Kwa hiyo twashauri hivi. Paroko na halmashauri ya walei wakubaliane, na mwenyekiti wa mtaa na ofisa wa ustawi wa jamii wajulishwe tangu mwanzo. Wanaume walale mbali na wanawake. Mtoto aliye peke yake asilazwe kamwe kati ya watu wazima, bali apelekwe upesi kwa wanaohusika naye kisheria. Kila aingiaye aandikwe jina, taa iwake, choo na maji viwepo, na watu wazima wawili waaminifu wakeshe pamoja, si mmoja peke yake. Siku ya kufungua ijulikane, na siku ya kufunga pia. Jumuiya Ndogo Ndogo zipokezane zamu: hii ilete uji, ile ilete blanketi, nyingine ioshe mikeka. Hakuna kati ya haya linalohitaji mfadhili kutoka ng'ambo.

Tatu, tusidhani kwamba ukumbi ni mwisho wa safari. New York yatufundisha hapa pia. Katika ghala liitwalo Fort Washington, miaka ile ya 1980, wanaume mamia kwa mamia walipanga vitanda vyao katika sakafu moja, usiku baada ya usiku, mwaka baada ya mwaka. Kilichoitwa cha muda kikawa cha kudumu. Magonjwa, wizi na hofu vikakaa humo pamoja nao, na wengine wakaona afadhali kurudi barabarani. Ghala ni ghala: laweza kuhifadhi, lakini haliwezi kupenda. Mtu hakuumbwa awekwe safu kwa safu kama gunia. Aliumbwa aitwe kwa jina, awe na jamaa, kazi, na mlango wake mwenyewe wa kufunga jioni.

Kwa hiyo asubuhi inapofika, baada ya uji, kazi nyingine huanza, na hiyo ndiyo ngumu. Yule mjane ana haki ya shamba lake. Nani atamsindikiza kwa mtendaji na kwenye baraza la ardhi? Yule kijana ana mikono; fundi gani wa parokia yetu atamchukua ajifunze useremala au uashi? Yule mtoto ana ukoo mahali fulani. Nani atapiga simu, nani atapanda basi kwenda kuutafuta? Yule mzee anahitaji hospitali kuliko mahubiri. Tukimlaza mtu usiku mia moja, asubuhi tusimwulize habari zake, tumemhifadhi mwili tu, tumemwacha mwenyewe nje.

Wazazi, twawasihi ninyi hasa. Watoto wenu wanatazama. Mtoto anayemwona baba yake akiruka miguu ya mtu aliyelala barazani, bila hata kumsalimu, amefundishwa katekisimu nyingine asubuhi ileile anayopelekwa kwenye mafundisho. Naye anayetumwa na mama yake kupeleka blanketi la zamani ukumbini, akaliweka mkononi mwa mtu na kuambiwa asante, atalikumbuka fumbo la Kristu kwa njia isiyosahaulika. Wala asipeleke lililochakaa kabisa. Martino hakutafuta joho la zamani. Alikata lile alilolivaa.

Basi kipupwe kisipite hivi hivi mwaka huu, Bonga wala mahali pengine popote. Ufunguo wa ukumbi wa parokia uko kwa mtu fulani anayejulikana. Dominika ijayo, baada ya Misa Takatifu, aendewe na waamini wawili au watatu, wamwulize kwa upole na kwa adabu, pamoja na paroko wao: usiku wa leo, ndani ya ukumbi wetu analala nani? Mtakatifu Martino, askari na askofu, atuombee kwa Mungu jibu lisiwe tena: hakuna mtu.